Pesa ya usajili, pikipiki ya kwanza na magoti ya dogo

DIRISHA la usajili likifunguliwa, mashabiki wa Msimbazi na Jangwani hugombania majina ya mastaa wa kigeni. Huku chini, kwenye Championship, First League, ligi za mikoa na michuano ya ndondo, kuna usajili mwingine ambao hauandikwi popote. Dogo anapewa mkwanja wake wa kwanza wa kusaini, anamtumia mama kidogo, anapunguza deni la dukani, na kinachobaki kinakwenda kwenye pikipiki.

Wala si ujinga. Timu nyingi za chini hazina kambi ya kudumu. Mazoezi yanaanza saa 12 asubuhi, uwanja uko upande wa pili wa jiji na daladala za alfajiri zinajaa kabla hazijafika kituoni kwake. Mchezaji anayelala Mbagala na kufanya mazoezi Mwenge anapanda gari zaidi ya moja, na akichelewa kocha hataki kusikia habari za foleni. Pikipiki inammalizia shida hiyo siku moja tu. Jioni kukiwa hakuna mechi, wapo wanaopakia abiria mmoja mmoja ili mafuta yajilipe yenyewe.

Shida iko kwenye namna chombo chenyewe kinavyochaguliwa. Dogo anaingia dukani Kariakoo na rafiki mwenye maneno mengi, anaangalia rangi ya tenki, anauliza swali moja tu, “Inatembea ngapi hii?”, halafu analipa. Wapo ambao safari yao ya kwanza kabisa wakiwa peke yao barabarani ni ile ya kutoka dukani kurudi nyumbani, saa za jioni, katikati ya malori na daladala zinazochomekea.

Kwa fundi cherehani au muuza duka, kuvunjika mguu ni mkosi mkubwa. Kwa winga, ndiyo mwisho wa kazi. Madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba ajali za pikipiki zinawaletea sehemu kubwa ya majeruhi wanaowapokea, na pikipiki ikianguka mguu ndio unaokuwa chini yake. Ugoko, goti, kifundo cha mguu. Vitu vile vile ambavyo daktari wa timu huvikagua kabla mchezaji hajasaini.

Namba mbili wa Marekani

Kisa ambacho kila mchezaji anayetaka pikipiki angepaswa kukijua hakitoki kwenye soka, kinatoka kwenye kikapu. Mwaka 2002, Chicago Bulls walimchukua Jay Williams akiwa chaguo la pili la NBA nzima, kijana kutoka Chuo Kikuu cha Duke ambaye wengi waliamini angeshika timu kwa miaka kumi. Akacheza msimu mmoja. Juni 2003, akiwa na miaka 21, alikuwa juu ya Yamaha R6 mjini Chicago, akagonga nguzo. Mishipa ya fahamu ya mguu ikaumia, nyonga ikavunjika, ligamenti za goti la kushoto zikakatika.

Hakuwa amevaa helmeti. Hakuwa na leseni ya pikipiki. Mkataba wake na Bulls ulimkataza kabisa kupanda chombo hicho, kama inavyokuwa kwenye mikataba mingi ya wachezaji wa kulipwa Marekani na Ulaya. Bulls wakaachana naye, na hakucheza tena mechi hata moja ya NBA.

Watu wakisimulia kisa hiki huishia kwenye helmeti na mkataba. Lakini itazamwe na pikipiki yenyewe. R6 ni mashine ya cc 600 yenye nguvu za farasi zaidi ya 100, imetengenezwa ikitazama mashindano. Boxer ya cc 150 tunayoiona kila kijiwe ina nguvu za farasi karibu 12 tu. Kwenye R6, mkono wa kulia ukishtuka kidogo chombo kinaruka, na mgeni akishtuka mkono wake hukaza badala ya kulegea. Hapo hata ukiwa mwanamichezo mwenye mwili wa chuma, hukuokoi.

Uingereza hilo walishalimaliza kwa sheria. Kijana wa miaka 17 anayeanza haruhusiwi kupita cc 125 na kilowati 11, ambazo ni kama farasi 15. Akitaka mashine kubwa isiyo na kikomo atasubiri, anapanda ngazi kwa ngazi kwa umri na mitihani. Bongo nasi madaraja yapo: leseni ya A1 ni ya pikipiki isiyo na kigari cha pembeni yenye injini chini ya cc 125, na juu ya hapo ni daraja A. Hata zile zinazoandikwa 125 ubavuni, nyingi injini yake kamili ni cc 124 na ushee.

Kwa hiyo jibu la swali la cc si gumu. Anayeanza achukue kati ya 100 na 125. Boxer ndogo, TVS HLX 125, Honda za ukoo wa CG, na zile za Kichina ambazo injini zake nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye hiyo hiyo CG125 ya mwaka 1976. Ya 150 si dhambi kama dogo ana mwili na ameshaendesha ya mtu kwa miezi kadhaa. Ila hoja ya kwamba 150 “haichoshi” ni ya bodaboda anayepandisha mlima na abiria na gunia la mkaa. Mchezaji wa kilo 68 anayekwenda mazoezini na begi la viatu hana mlima huo.

Miguu ifike chini

Baada ya cc, kinachofuata ni kitu ambacho wauzaji hawakitaji kwa sababu hakiandikwi kwenye tenki: je, nyayo zote mbili zinakanyaga chini dogo akiwa amekaa? Si ncha za vidole. Nyayo.

Pikipiki hizi za mjini nyingi zinacheza kwenye kilo 110 hadi 130. Ikiwa imesimama wima haina uzito wowote. Ikishalala kidogo pale kwenye taa za Ubungo, uzito wote unatafuta mguu mmoja. Kipa mwenye miguu mirefu atajishika. Winga mfupi anayesimamia vidole atajaribu kuizuia kwa goti, na goti halikuumbwa kuzuia kilo 120 zinazoanguka upande. Majeraha ya namna hii hutokea chombo kikiwa kimesimama kabisa, kilomita sifuri kwa saa, na siku ya pili kocha anaambiwa “nilijikwaa”.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, dogo akae juu yake, aivute kutoka kwenye stendi mwenyewe, aisukume nyuma hatua kumi, azungushe hendo hadi mwisho kushoto na kulia. Muuzaji akikunja uso, maduka yapo mengi.

Aangalie pia sailensa. Kwenye pikipiki nyingi ipo kulia, na ngao ya chuma inayoifunika huwa fupi au hakuna. Anayeshuka upande wa kulia kwa haraka anaondoka na alama kwenye shavu la mguu, na kidonda cha kuungua ndani ya soksi na kinga ya ugoko hakiponi mapema. Upande wa kushuka ni kushoto. Atazame na pale mbele, kama kuna sehemu ya kufunga vyuma vya kinga ya miguu. Si urembo vile. Pikipiki ikilala, chuma ndicho kinachogusa lami kwanza na mguu unabaki na nafasi.

Penalti na boksi

Mguu wa kushoto ni wa gia, wa kulia ni wa breki ya nyuma. Mkono wa kushoto klachi, wa kulia mafuta na breki ya mbele. Hilo halibadiliki. Kinachobadilika ni mpangilio wa gia, na hapa wageni wengi wanachemka. Kuna pikipiki ambazo gia zote zinakanyagwa kwa mbele, na kuna ambazo namba moja inakanyagwa chini, zilizobaki zinainuliwa juu. Dogo aliyejifunzia ya kaka yake kisha akanunua ya aina nyingine, siku mwili ukishtuka mguu utakumbuka ile ya kwanza. Anataka kupandisha gia, anashusha, tairi la nyuma linakwama na chombo kinaanza kucheza. Ushauri hapa ni rahisi mno: anunue yenye mpangilio ule ule aliojifunzia.

Visiwani wana nafuu yao. Zanzibar watu wamezoea Vespa miaka mingi, na skuta za siku hizi hazina klachi wala gia za kukanyaga, unavuta mafuta unakwenda. Kwa anayeanza ni chombo rahisi kweli. Kasoro yake ni tairi ndogo. Shimo ambalo Boxer inalipita kwa kulalamika, skuta inaingia mzima mzima, na kwa barabara za mitaa ya Dar es Salaam baada ya mvua hiyo si hadithi ya kuchekesha.

Breki ndiyo sehemu ya kutoa hela bila kinyongo. Pikipiki za bei ya chini huja na breki za ndani ya rimu mbele na nyuma, nyingine zina diski mbele. Ya diski inashika vizuri zaidi, hasa kwenye mvua, na mtu anaona kwa macho kama pedi zimeisha. Lakini itambulike kwamba pikipiki ikisimama kwa nguvu uzito wote unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Vijiweni wanafundishana kinyume: “Dogo, usiguse ya mbele, itakurusha.” Matokeo yake mgeni anakanyaga ya nyuma peke yake, tairi linasota, na anafika kwenye gari la mbele akiwa bado anasota. Ya mbele inarusha pale inapokamatwa kwa pupa, au kwenye mchanga uliotapakaa pembeni ya lami. Inabanwa taratibu kwanza, halafu inaongezwa.

Shabiki wa mpira anaweza kupima haya bila kitabu. Mtu aliyeshtuka anatumia kama sekunde moja kabla mkono wake haujaanza kufanya chochote. Ukiwa kwenye kasi ya kilomita 40 kwa saa, sekunde hiyo moja inakula mita 11. Hiyo ni kutoka mstari wa goli hadi kidoti cha penalti, na hujagusa breki bado. Kwenye 60 unakula karibu mita 17, umetoka mstari wa goli hadi nje ya boksi. Kwenye 80 ni mita 22. Halafu ndipo breki inaanza kazi yake, na umbali wa kusimama nao unakua haraka kuliko kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, umbali huo unakuwa mara nne. Kikomo cha kasi kwenye maeneo ya makazi ni 50. Anayeuliza “inatembea ngapi” angeuliza inasimama wapi.

Spea ziko mtaa wa pili

Kwenye suala la chapa kuna ushabiki kuliko hata dabi ya Kariakoo. Watu wa Boxer hawataki kusikia TVS, wa TVS wanaita Boxer mkokoteni, na wote wawili wanamcheka mwenye Mchina. Kwa anayeanza ubishi huo hauna maana sana. Maswali yake ni mawili: fundi wa mtaani kwake anaijua hiyo pikipiki? Na kebo ya klachi ikikatika Jumapili asubuhi, duka la jirani linayo?

Kwa kipimo hicho Boxer na TVS zinashinda sehemu nyingi za nchi kwa sababu tu ziko nyingi, si kwa uchawi wowote wa Pune au wa Hosur. Zile za Kichina bei yake inavutia na spea zake ni nafuu, lakini ubora wake unapishana hata ndani ya jina moja, kwa hiyo mwenye nayo ajiandae kukaza nati mara kwa mara. Pikipiki ya kifahari iliyoingizwa moja moja kutoka nje, yenye sauti tamu na spea za kuagizwa, hiyo dogo aiache kwa wenye mishahara ya Ligi Kuu.

Ikiwa ni ya mkononi, kazi inaongezeka. Kwanza aiguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha ili ionekane inawaka kirahisi, na hapo dogo anywe soda asubiri ipoe. Ikiwashwa, moshi wa bluu maana yake inakula oili. Aiweke kwenye stendi ya kati, azungushe hendo polepole: ikikwama katikati kama ina kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Asimame nyuma yake aangalie kama tairi mbili ziko kwenye mstari mmoja, kwa sababu fremu iliyopinda hainyooki kwa maneno. Sipidi mita ikiwa haifanyi kazi, na nyingi mjini hazifanyi kazi, asiamini kilomita zozote atakazotajiwa.

Tairi nayo ina tarehe. Pembeni kuna namba nne ndani ya kiduara: 2223 ni wiki ya 22 ya mwaka 2023. Tairi inaweza kuwa na meno na bado ikawa mzee, ngumu kama kiatu kilichosahauliwa juani. Kipara ndiyo usiongee kabisa.

Na karatasi. Namba ya fremu na ya injini zifanane na za kwenye kadi, umiliki uhamishwe TRA siku zile zile, na bima iwe hai. Kuna pikipiki nyingi mjini zinaendeshwa kwa mkataba, yaani dereva anapeleka hesabu kwa tajiri hadi chombo kiwe chake. Wapo wanaouza kabla mkataba haujaisha. Dogo analipa mkwanja wote wa usajili, wiki mbili baadaye tajiri anakuja uwanjani na polisi, na pale hakuna mwamuzi wa akiba.

Bajeti isiishie kwenye chombo

Hapa ndipo wengi wanapofeli mapema. Mtu ana kiasi fulani, anakimalizia chote kwenye pikipiki, halafu helmeti anachukua ile ya plastiki inayouzwa pamoja na chombo. Hesabu iende kinyume: leseni, mafunzo, bima, helmeti na viatu vitolewe kwanza, kinachobaki ndicho kinachoamua ni pikipiki ipi. Ikibidi kushuka kutoka mpya ya 125 hadi ya mkononi ya 100 ili helmeti nzuri ipatikane, ashuke.

Uchambuzi wa tafiti nyingi ambao Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutumia unaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni helmeti iliyofungwa mkanda, si iliyoning'inizwa kwenye kiwiko ikisubiri trafiki aonekane. Ifunike na kidevu. Isizunguke kichwani mkanda ukiwa umefungwa. Ikishaanguka nayo ajalini, hata kama haina ufa, kazi yake imekwisha. Miguuni avae buti au raba ngumu inayofunika kifundo. Ajabu ya vijana wetu ni kwamba wanavaa kinga ya ugoko kumkabili beki wa kilo 75, halafu wanapanda chombo cha kilo 115 wamevaa ndala.

Klabu nazo zina la kufanya. Timu inayomlipa mchezaji pesa ya kusaini na inajua kabisa ataifanyia nini, inaweza kumwita mkufunzi wa udereva aje uwanjani Jumatatu moja kabla msimu haujaanza. Kuna makatibu wa klabu wanaoandika kwenye mkataba kwamba pikipiki marufuku, halafu hawatoi usafiri wala nauli. Kifungu hicho kinavunjwa kesho yake asubuhi, na kila mtu pale uwanjani anakiona kikiwa kimeegeshwa chini ya mwembe.

Mazoezi yenyewe yanawezekana kwenye uwanja wowote wa vumbi, koni zipo. Mbili zinawekwa mita tano kwa tano, dogo anazizunguka kwa umbo la nane, gia ya kwanza, klachi nusu, macho yakitazama anakokwenda na si koni. Kisha anatoka katikati ya uwanja kwa kilomita 30, akifika mstari wa boksi anabana breki zote mbili na anajaribu kusimama kabla ya kidoti cha penalti, bila tairi kusota. Mara ishirini, hadi mkono uzoee. Baada ya hapo ndiyo aingie barabara ndogo za mtaani, asubuhi Jumapili magari yakiwa machache, na barabara kuu zisubiri wiki kadhaa.

Muda wote huo asimpakie mtu. Abiria wa kilo 70 juu ya chombo cha kilo 115 anabadilisha kila kitu: breki, kona, hata namna ya kuondoka kwenye taa. Lawama zitakuwepo, kwa sababu mazoezi yakiisha kutakuwa na wenzake watatu pale getini na mabegi yao, wameshajipanga kwa mshikaki, na wa kwanza ni nahodha.